Mzigo, Posho na Lugha: Historia ya Wasafiri wa Mguu Kasese na Bwera

Utangulizi

Waswahili wana methali isemayo, "Mtembezi hula miguu yake." Kwa kawaida methali hii hutumiwa kumwonya mtu anayezurura bila shughuli maalumu. Lakini ukiitafakari ukiwa Kasese, chini ya milima ya Rwenzori, inapata sura nyingine. Kwa zaidi ya karne moja watu wengi wamepita hapa bila fedha za kutosha, na wengi wao wamekula kwa miguu yao na kwa ulimi wao pia.

Makala haya yanachunguza historia ya wasafiri hao. Viongozi wa misafara wameandikwa sana vitabuni, na majina yao yamebandikwa kwenye vilele vya milima. Wapagazi, vibarua wa reli, wachimba migodi na wachuuzi wa mpakani hutajwa kwa idadi tu, na pengine hawatajwi kabisa. Vijana wanaosafiri siku hizi na begi moja mgongoni huonekana kama jambo jipya, wakati wao ni wa mwisho katika safu ndefu.

Hoja yangu ni kwamba Kiswahili hakikuletwa Kasese na Bwera na shule. Kililetwa na watu waliosafiri kwa gharama ndogo, ambao kila jioni iliwabidi waombe, waulize na wapatane bei ili wapate chakula na mahali pa kulala. Tajiri husafiri na mkalimani. Asiye na kitu husafiri na lugha. Kwa sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili nchini Uganda, ambako lugha hii bado hushukiwa na wengi, jambo hili lina uzito wake.

Mahali penyewe

Mji wa Kasese uko magharibi mwa Uganda, kwenye tambarare yenye joto, karibu na Ziwa George na mstari wa ikweta. Ukiinua macho upande wa magharibi unaiona Rwenzori, ambayo kilele chake kirefu kuliko vyote, Margherita, kina mita 5,109. Barabara itokayo Kasese kuelekea kusini hufika Kikorongo na hapo hugawanyika. Njia moja huendelea Mbarara kupitia Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Njia ya pili hugeuka magharibi, ikapita karibu na Katwe penye ziwa la chumvi, ikafika Bwera na hatimaye kituo cha mpakani cha Mpondwe. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, nchini Kongo, na mbele yake ni miji ya Beni na Butembo.

Wenyeji wa miteremko hiyo ni Wakonzo, na lugha yao ni Lukonzo. Ng'ambo ya mpaka ndugu zao huitwa Wanande, na mtu wa upande mmoja humwelewa wa upande wa pili bila shida. Mpaka uliowagawa ulikubaliwa na wakoloni mwaka 1910, mbali kabisa na mlima wenyewe. Muda mrefu kabla ya hapo chumvi ya Katwe ilikuwa ikisafirishwa kwa mitumbwi na vichwani mwa watu kwenda nchi za jirani, na wafalme walipigana kwa ajili yake. Kwa hiyo safari ya mguu yenye mzigo na majadiliano ya bei ilikuwapo hapa kabla ya Kiswahili. Kiswahili kilipofika kilikuta njia tayari.

Wapagazi kutoka Unguja

Mwanzoni mwa mwaka 1887 Henry Morton Stanley aliandika wapagazi zaidi ya 600 huko Unguja. Kazi aliyopewa ilikuwa kumfikia Emin Pasha, gavana aliyekuwa amezingirwa kusini mwa Sudan. Badala ya kupita bara moja kwa moja, msafara ulipakiwa melini, ukazunguka kusini mwa Afrika hadi mdomo wa mto Kongo, ukapanda mto huo, kisha ukavuka msitu wa Ituri kwa miguu. Hivyo watu wa pwani ya mashariki walifika Rwenzori kwa kutokea magharibi.

Mwezi Mei 1888 Stanley aliuona mlima wenye theluji, na mwezi Juni 1889 msafara ulipita chini yake kwenye bonde la Semliki, ukafika Katwe. Luteni William Stairs alijaribu kuupanda pamoja na Wazanzibari kadhaa. Walifika zaidi ya mita 3,000, wakarudi. Mtu anaweza kuwaza jinsi baridi hiyo ilivyowapata watu waliozaliwa kando ya bahari, wenye nguo za pamba na miguu mitupu. Kati ya wale 600 na zaidi walioondoka Unguja, waliorudi makwao hawakufika nusu.

Mwanafunzi wa isimu akikisoma kitabu alichokichapisha Stanley mwaka 1890 ataona jambo la kuvutia. Wakonzo wameitwa humo "Wakonju", na majirani zao "Wasongora" na "Wanyoro". Nchi zao ni "Usongora" na "Unyoro". Viambishi hivi, wa- na u-, si vya wenyeji. Wenyeji husema aba- au ba- kwa watu, na bu- kwa nchi. Ni viambishi vya Kiswahili, vilivyotoka vinywani mwa wapagazi na wakalimani wa pwani vikaingia kwenye daftari la Mzungu, na kutoka hapo kwenye ramani. Jina la Uganda lenyewe lilipatikana hivyo hivyo: wenyeji walisema Buganda, watu wa pwani wakasema Uganda. Kwa maneno mengine, wapagazi ambao majina yao hayakuandikwa ndio waliozipa nchi hizi majina yaliyoandikwa.

Posho: neno la safari lililobaki sufuriani

Mpagazi alisafiri vipi? Mizigo ya msafara ilikuwa vitambaa, shanga, waya na risasi. Chakula cha miezi hakikuweza kubebeka. Kwa hiyo kila mtu alipewa posho, yaani kipimo chake cha chakula au kitu cha kununulia chakula. Mara nyingi posho ilikuwa kipande cha kitambaa au shanga chache, na mwenyewe alitakiwa aingie kijijini kutafuta ndizi, viazi, maharage au unga. Huyo ndiye msafiri wa kwanza wa mfuko mwembamba katika nchi hii. Alikuwa na bajeti ya siku moja na alilazimika kuijadili na mwanamke mwenye shamba ambaye hakuijua lugha yake.

Maneno yanayohitajika katika hali hiyo si mengi: nipe, lete, ngapi, maji, moto, kuni, chumvi, kesho. Ndiyo maneno ya jioni, baada ya mzigo kutuliwa. Walimu wa leo wanaotayarisha somo la kwanza kwa wageni huanza na orodha inayofanana sana na hiyo, pengine bila kujua kwamba ina umri wa zaidi ya miaka mia.

Hata hivyo, historia isisemwe nusu. Msafara wenye njaa na bunduki haukupatana bei kila mara. Msafara wa Stanley ulipora mashamba katika sehemu nyingi ulizopita, na watu walikimbilia milimani waliposikia unakuja. Mwaka 1891 Kapteni Frederick Lugard alipita hapo, akajenga boma Katwe ili kuishika chumvi, kisha akawachukua askari wa Kisudani waliokuwa wamebaki nyuma ya Emin Pasha na kuwaweka katika maboma ya Toro. Askari hao nao walikula kutoka kwa wenyeji. Kwa hiyo tangu mwanzo lugha za wageni zilikuwa na nyuso mbili machoni pa Mkonzo: uso wa mchuuzi anayeuliza bei, na uso wa askari asiyeuliza.

Neno posho limebaki. Katika Uganda ya leo posho ni ugali wa mahindi. Shuleni, kambini na kwenye vibanda vya chakula karibu na kituo cha mabasi cha Kasese, mtu huagiza "posho na maharage" bila kufikiria msafara wowote. Maana imehama kutoka kwenye mgawo hadi kwenye kitu kilichogawiwa, kwa sababu unga wa mahindi ndio uliokuwa mgawo wa askari, mfungwa, kibarua na mwanafunzi. Mwalimu wa semantiki anayetafuta mfano wa uhamaji wa maana hana haja ya kwenda mbali. Mfano uko kwenye sahani ya wanafunzi wake.

Tajiri mmoja na maskini wawili mlimani

Mwaka 1906 alifika mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, Luigi Amedeo wa Abruzzi. Safari yake inaonyesha jinsi pwani na mlima vilivyokuwa vimesogeleana. Msafara ulishuka Mombasa, ukapanda garimoshi hadi Kisumu, ukavuka ziwa kwa meli hadi Entebbe, kisha ukatembea hadi Fort Portal ukiwa na mamia ya wapagazi. Kuanzia bonde la Mubuku wapagazi wa tambarare hawakuiweza baridi, na Wakonzo wakachukua mizigo. Tarehe 18 Juni 1906 kilele kirefu kilipandwa na kupewa jina la malkia Margherita wa Italia. Ramani nzuri zilichorwa, na Vittorio Sella alipiga picha ambazo hata leo hutumiwa kupima kiasi cha barafu kilichopotea. Barafu iliyofunika takribani kilomita za mraba 6.5 wakati ule haifiki hata kilomita moja ya mraba sasa.

Hiyo ilikuwa safari ya tajiri. Kila aliyefuata bila hazina ya kifalme ilimbidi apunguze mzigo. H. W. Tilman na Eric Shipton, walowezi wawili wa Kenya, walikuja mwaka 1932 na wapagazi wachache, wakapanda vilele kadhaa kwa siku chache. Mwaka uliofuata Tilman alifanya jambo lililowashangaza wenzake. Akitaka kurudi Uingereza kupitia pwani ya magharibi, alinunua baiskeli, akatoka nayo Uganda, akavuka Kongo na kutokea bahari ya Atlantiki huko Kamerun, akila zaidi kile alichokipata njiani. Baadaye aliisimulia safari hiyo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1937. Wanaodhani kwamba usafiri wa gharama ndogo ulianza na vijana wa miaka ya 1960 wamkumbuke.

Msafiri mwingine wa kukumbukwa ni Tom Stacey, mwandishi wa habari Mwingereza aliyekuja mwaka 1954 akitaka kuwajua Wakonzo. Alitembea nao vijijini, akisindikizwa na kijana Mkonzo aliyewahi kuwa mwalimu wa shule, Isaya Mukirania, ambaye alikuwa akikusanya historia ya watu wake. Kwa kawaida vitabu humsahau msindikizaji. Safari hii haikuwezekana, kwa sababu miaka michache baadaye Isaya alikuwa kiongozi wa harakati za Rwenzururu zilizojitenga na ufalme wa Toro mwaka 1962, na akatawazwa mfalme mlimani. Alifariki mwaka 1966, na mwanawe Charles Wesley Mumbere akamrithi. Serikali ya Uganda iliutambua rasmi ufalme huo mwaka 2009. Jina Rwenzururu linatokana na nzururu, neno la Lukonzo lenye maana ya theluji.

Miongoni mwa malalamiko ya Rwenzururu lilikuwamo suala la lugha: watoto wa Wakonzo walifundishwa kwa Rutooro, na aliyetaka kazi au haki barazani ilimpasa aseme lugha ya wakubwa wa Toro. Tulizingatie hili, kwani linatusaidia kuelewa kwa nini Kiswahili kilipata nafasi hapa. Kiswahili hakikuwa lugha ya mtemi wa jirani. Mkonzo, Mtooro, Msongora na Mganda wangeweza kukutana ndani yake bila yeyote kuwa mgeni wa mwingine.

Reli na shaba

Mwaka 1956 reli kutoka Kampala ilifika Kasese. Mwaka huo huo mgodi wa Kilembe, kilomita chache juu ya mji, ulianza kutoa shaba. Madini yalipelekwa Jinja kuyeyushwa, na shaba ikaendelea na safari hadi Mombasa. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kupanda garimoshi la daraja la tatu ufukweni mwa Bahari ya Hindi akateremka chini ya mlima wa theluji, na mzigo wake wote ukiwa fundo moja na kikapu cha chakula. Kasese, mji ambao karibu wote ulizaliwa na reli na mgodi, ukawa mwisho wa njia iliyoanzia baharini.

Reli ilikuja na lugha yake. Makarani walijua Kiingereza, lakini wapishi, mafundi, wapiga debe wa stesheni, wauza chai na vibarua wa njia walizungumza Kiswahili, kama walivyofanya Nairobi, Nakuru na Tororo. Mgodini walikutana watu wa makabila mengi ya Uganda na ya nchi jirani. Mtu anayefanya kazi chini ya ardhi karibu na baruti hawezi kungoja mkalimani. "Toka", "ngoja", "vuta" na "simama" lazima yaeleweke mara moja.

Uchimbaji wa shaba ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, na garimoshi la abiria likakoma katika miaka ya 1990. Reli iliota majani. Watu, hata hivyo, hawakuondoka wote, na lugha yao pia ilibaki. Ndiyo maana mgeni anayefika Kasese akitoka Kampala husikia Kiswahili sokoni kuliko alivyotarajia.

Lugha iliyokataliwa mji mkuu

Yaliyotokea Kasese hayakufanana na yaliyotokea katikati ya nchi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika elimu na utawala wa Uganda. Kabaka Daudi Chwa alipinga, na viongozi wa makanisa pia. Waganda waliona Luganda inatishwa, na waliogopa kuunganishwa na Kenya ya walowezi. Baadhi ya wamisionari nao walikihusisha Kiswahili na Uislamu. Pendekezo likafifia. Kiswahili kikabaki jeshini, polisi na magerezani, mahali ambapo mwananchi wa kawaida hukutana nacho akiwa na hofu.

Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Kwa kuwa aliyetangaza alikuwa Amin, na kwa kuwa askari wake walikitumia kuwatisha raia, tangazo hilo liliiumiza lugha zaidi ya kuisaidia. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Mwaka 2019 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa, na Julai 2022 likapitisha kwamba Kiswahili kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Kila mwalimu anayesoma makala haya anajua umbali uliopo kati ya kupitisha na kutekeleza: walimu ni wachache, vitabu ni vichache, na wazazi wengine bado huuliza, "Mnataka mtoto wangu awe askari?"

Jibu la swali hilo liko Bwera.

Bwera na Mpondwe: lugha ya kuvuka mto

Anayefika Mpondwe siku ya soko hahitaji kuelezwa umuhimu wa Kiswahili. Saruji ya Hima, unga, chumvi na bidhaa za viwandani huelekea Kongo. Mawese, kahawa, mbao na vitenge huelekea Uganda. Mkonzo na Mnande wataelewana kwa lugha yao ya mama. Lakini dereva wa lori aliyetoka Kenya, mnunuzi kutoka Kampala, mfanyabiashara kutoka Goma au Bunia na mwendesha bodaboda anayengoja abiria huhitaji lugha moja, nayo ni Kiswahili. Hapa mwenye kuzungumza Kiswahili si askari wa kuogopwa, ni mama mwenye fungu la vitenge anayesema, "Karibu papa, bei tutasikilizana."

Kiswahili hicho kina rangi yake. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo husikika "batu" badala ya watu, "bintu" badala ya vitu, "muzuri" badala ya mzuri, na "ku soko" badala ya sokoni. Mwanafunzi wa Bwera akiandika "batu" katika insha, kalamu nyekundu ya mwalimu huwa karibu. Ni sawa kumfundisha Kiswahili sanifu, maana atakihitaji katika mtihani na katika Jumuiya. Lakini ni vyema mwalimu ajue kwamba mwanafunzi huyo hajakosea kwa uvivu. Kiambishi ba- amekisikia sokoni kila wiki, na lugha yake ya mama nayo ina aba-. Tukimwambia kwamba hajui Kiswahili, tunamwambia kwamba lugha inayomlisha mama yake si lugha. Afadhali tumwonyeshe sura zote mbili na mahali pa kutumia kila moja.

Njia hii imefungwa na kufunguliwa mara nyingi. Novemba 1996 waasi wa ADF waliivamia Mpondwe, na Hifadhi ya Milima ya Rwenzori ikafungwa kwa wapandaji kuanzia 1997 hadi 2001. Juni 2019 wagonjwa wa Ebola waliovuka kutoka Kongo walipokelewa Bwera, na mpakani kila mpita njia alipimwa joto na kunawishwa mikono. Mwaka 2020 mipaka ilifungwa kwa abiria kwa sababu ya Korona. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 washambuliaji waliivamia shule ya sekondari Mpondwe na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Anayeandika habari za safari katika nchi hii hana ruhusa ya kuyaruka hayo. Kwa msafiri, mpaka uliofungwa ni mpango ulioharibika. Kwa mchuuzi wa Bwera ni ada ya shule isiyolipwa, na kwa familia nyingine ni kaburi.

Pamoja na hayo, Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Mpondwe, ambayo ilikuwa ukingo wa Jumuiya, sasa iko ndani yake. Kiswahili kimepata hapo nchi yenye mamilioni ya wazungumzaji ambao hatukuwahesabu vya kutosha katika mitaala yetu.

Msafiri wa leo mwenye mfuko mwembamba

Leo kijana wa chuo anayetaka kuiona Rwenzori kwa fedha kidogo hukabiliwa na swali lile lile la mpagazi: nitakula wapi na nitalala wapi? Kupanda hadi kwenye barafu ni gharama kubwa. Ada ya hifadhi, viongozi, wapagazi na vifaa hugharimu zaidi ya uwezo wa wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki, na safari yenyewe huchukua takribani wiki nzima. Njia ya kale kupitia Nyakalengija na njia ya Kilembe, iliyofunguliwa mwaka 2009, zote zina utaratibu huo.

Lakini mlima si kilele tu. Kwa nauli ya basi kutoka Kampala mtu hufika Kasese. Kutoka hapo teksi au bodaboda humpeleka hadi vijiji vya chini ya mlima, ambako anaweza kutembea siku nzima na kiongozi mwenyeji katikati ya mashamba ya kahawa na migomba bila kuingia hifadhini. Siku nyingine anaweza kwenda Katwe kuona watu wakivuna chumvi majini kwa mikono, kama walivyofanya kabla ya Stanley. Siku ya tatu aende Bwera, ale obundu, yaani ugali wa muhogo, na sombe, kisha asimame kando ya Lhubiriha atazame watu wakivuka na mizigo vichwani.

Atalipa kidogo kuliko mtalii wa gari la kukodi, na atazungumza zaidi. Atauliza njia, bei, saa ya basi la mwisho na kama chumba kina chandarua. Waliosema "Mgeni njoo, mwenyeji apone" hawakusema mgeni awe tajiri. Mwenyeji hupona pia kwa mgeni anayekula kibandani kwake, maana fedha ya mgeni huyo haipiti kwanza katika ofisi ya Kampala au ya Ulaya.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba historia ya Kiswahili katika Kasese na Bwera ni historia ya mizigo. Wapagazi wa Unguja walikileta na majina ya nchi. Posho ikabaki sahanini. Reli na mgodi vikakipa mji. Soko la Mpondwe linakipa maisha kila siku. Uso wa askari ulikuwapo pia, na si haki kuuficha. Lakini kazi yetu kama walimu ni kuuonyesha uso wa pili, ambao wanafunzi wetu hawausikii katika mjadala wa siasa.

Napendekeza mambo mawili ambayo idara inaweza kuyafanya bila fedha nyingi. Kwanza, wanafunzi wanaotoka wilaya ya Kasese wakati wa likizo wakusanye maneno yanayotumiwa na wachuuzi, wapagazi wa mlimani na madereva wa mpakani, pamoja na maelezo ya wazee waliofanya kazi Kilembe na kwenye reli. Wazee hao wanapungua kila mwaka. Pili, ziara ya mafunzo ya isimujamii ipelekwe Bwera badala ya kufanyiwa Kampala kila mara, na wanafunzi wasafiri kwa basi la abiria, wakipewa fedha ya chakula mkononi na kutakiwa kununua wenyewe kwa Kiswahili. Wakirudi, waeleze posho yao waliitumia vipi. Hilo liwe zoezi la kwanza la kusahihishwa.